Nilivyokwenda Kumrudisha Kananu

Aliyenitoa nyumbani ni Mama. Mimi mwenyewe si mtu wa safari. Tulipoenda kumzika mjomba kule Karurumo, ambako si mbali na kwetu Kanyakine, kufika saa nane mchana nilikuwa nishaanza kuuliza watu kama ng'ombe wangu wamepewa maji. Mtu wa namna hiyo hatumwi Uingereza. Lakini dada yangu Kananu yuko huko mwaka wa kumi na tisa, anauguza wazee. Ameolewa na Mwingereza anayeitwa Colin na wana binti mmoja, Makena. Siku moja Mama aliamka na swali.

"Kananu akiugua," aliniuliza tukimenya ndizi, "ni nani anampikia uji?"

Nikamwambia ana bwana.

"Bwana anaenda kazi. Mimi nauliza watu. Enda uangalie kama ana watu. Akiwa hana, mwambie mimi nimesema arudi."

"Si umpigie simu umuulize?"

"Kwa simu kila mtu yuko sawa."

Niseme ukweli mapema msije mkanidhania mtu mzuri: nilifurahi. Nilitaka Kananu arudi. Tulipokuwa wadogo tulichuma kahawa pamoja, debe langu na debe lake, na kila nikigeuka ananiibia zilizoiva anatia kwake, halafu anacheka mpaka anakaa chini. Tangu aende sijapata mtu wa kunicheka vizuri. Mke wangu hunicheka, lakini kwa masikitiko. Kwa hivyo niliondoka kama hakimu aliyekwisha kuandika hukumu, akabaki kutafuta ushahidi tu.

Safari ya ndege sitaieleza. Nilifumba macho Nairobi, nikayafumbua Uingereza.

Colin alinipokea asubuhi kwenye uwanja wa ndege. Ni mtu mrefu, mpole, anaendesha lori la maziwa. Alinishika mkono akasema "Muga," salamu yetu, kwa uzito wa mtu anayekula kiapo. Tukaendesha kwa saa mbili katikati ya mashamba yasiyo na mtu hata mmoja ndani yake. Nilitafuta jembe kwa macho, sikuliona.

Kijijini kwao nyumba ni za mawe na kila moja imejificha nyuma ya ua wa miti. Nilioga, nikavaa shati safi, nikakaa sebuleni kungoja watu. Kwetu mgeni akitoka ng'ambo, jioni uwanja umejaa na chai haitoshi. Nilikaa mpaka saa tatu usiku, jua la kiangazi cha kwao bado halijazama, kama limesahau kazi yake. Hakuna aliyekuja.

"Wako wapi?" nikamuuliza Kananu.

"Nani?"

"Watu."

"Wako kwao. Wanajua umetoka safari, wamekuacha upumzike."

"Mpaka lini?"

"Mpaka uonekane umepumzika. Kunywa chai, Mutwiri."

Nikanywa. Moyoni niliandika: ushahidi wa kwanza.

Jumamosi familia yote ilinipeleka matembezi, kwenye shamba la stroberi. Nikaelezwa kwamba tunachuma wenyewe, halafu tunamlipa mwenye shamba. Niliomba nielezwe tena. Kwetu ukimchumia mtu, yeye ndiye anayekulipa. Hawa wamefunga watoto kwenye gari, wamebeba na mikate, waje kufanya kibarua kwa pesa yao. Basi nikaingia mstarini nikafanya nilivyofunzwa: mikono miwili, nyekundu tu, usiangalie juu. Kikapu changu kilijaa Colin akiwa bado anaichunguza ya tatu.

"Anko," Makena akaniambia kwa upole, "hapa tunachuma polepole. Ni kufurahi tu."

"Mimi nimefurahi. Nipe kikapu kingine."

Nilipogeuka kukipokea, nikamwona Kananu amezamisha mkono kwenye kikapu changu, anajaza chake. Mwanamke wa miaka arobaini na sita. Alijua nimemwona, akacheka mpaka akakaa chini katikati ya mistari, na watu wakageuka kutazama. Kwa dakika hiyo tulikuwa nyuma ya nyumba ya Mama, matone ya asubuhi kwenye majani ya kahawa, miguu mitupu. Nilisema moyoni: huyu nitarudi naye.

Jumapili baada ya kanisa tukaenda kutembea, kwa maana watu wa huko hutembea bila kuwa na mahali pa kufika. Tulipofika kwenye shamba la ngano, nikaona kijia kinapita katikati yake, na wenzangu wanaingia tu. Nikasimama.

"Mwenye ngano hii mnamjua?"

"Namjua kwa macho," Kananu akasema. "Kwani?"

"Na mnapita kwa shamba lake?"

Colin akanieleza kwamba ni njia ya umma, sheria inairuhusu, hata kibao kipo. Nikamwambia sheria ni nzuri, lakini mimi natoka mahali ambapo kijia kipana kama unyayo kimepeleka ndugu wa tumbo moja kwa chifu. Sikanyagi chakula cha mtu ambaye sijamsalimia. Nitazunguka pembeni.

"Mkaidi wewe," Kananu akasema. "Ngoja nikufuate, usije ukapotea nikaulizwa na Mama."

Pembeni kulikuwa na mtaro uliofichwa na majani marefu yanayowasha. Mimi niliuruka. Kananu hakuuona. Nilisikia tu "ai", na nilipogeuka alikuwa amekaa ndani yake, ameshika kifundo cha mguu, uso umebadilika rangi. Colin alimbeba mgongoni, akipita katikati ya ngano. Mimi nilifuata nyuma, na safari hiyo nilipita kwenye ngano bila kuuliza mtu.

Hospitalini walisema mfupa umepata ufa. Asikanyage chini majuma sita.

Jumatatu Colin aliondoka na lori lake mapema, Makena akaenda shule. Nikabaki na mgonjwa niliyemgonjwesha mwenyewe. Nilimpikia uji, ukashika chini, akaunywa wote hivyo hivyo. Kisha nikakaa karibu na mlango kusikiliza. Nikasema leo ndiyo leo, sasa tutajua.

Saa nne mlango ukagongwa. Nikafungua: hakuna mtu. Chini pana bakuli la supu limefunikwa kitambaa. Saa sita, tena: mayai sita na kadi. Saa nane, mkate wa ndizi. Kila nikifungua naona mgongo unaenda. Mara ya nne nilikuwa nimejificha nyuma ya mlango kama askari, nikamshika mkono bibi mmoja mzee aliyekuwa anainama kuweka maua ndani ya chupa ya jemu. Alishtuka, maskini.

"Karibu ndani, mama," nikamwambia.

"Hapana, sitaki kumsumbua. Mgonjwa apumzike."

"Lakini hakuna mtu anayeingia."

Akanitazama kama anayefikiria jinsi ya kumweleza mtoto. Jina lake ni Joan, wa nyumba ya pili. Aliingiza mkono mfukoni akatoa ufunguo. "Huu ni wa mlango huu," akasema. "Kananu ana wangu. Mume wangu alipokuwa anaondoka duniani, Kananu alikuja kila jioni akitoka kazini, miezi minne. Akiniita nitaingia hata bila viatu." Kisha akauliza, "Wewe ndiye kaka aliyekataa kukanyaga ngano?"

Nikakubali kosa.

"Mwenye ngano amefurahi sana. Yale mayai ni yake."

Nilirudi ndani nikakaa kitandani miguuni pa Kananu.

"Mama alikutuma nini?" akaniuliza.

"Kukusalimia."

"Mutwiri, umri huu na hujajua kudanganya."

Nikamwambia yote: uji, watu, kurudi. Nikamwambia pia kwamba mimi nilikuwa naomba nimkute hana mtu.

"Kuna miaka nilikuwa sina," akasema. "Ungekuja wakati huo, ungekuta sanduku limefungwa liko mlangoni. Umechelewa, ndugu yangu." Akanipigapiga gotini polepole. "Na uji wako ni mbaya sana."

Nilirudi Kanyakine peke yangu. Mama alinisikiliza akichambua maharagwe.

"Wanaweka mlangoni wanaenda?"

"Ndiyo."

"Na hakuna aliyemwacha na njaa."

"Hakuna."

Akachambua mengine kidogo. "Basi akae," akasema. Halafu akaenda jikoni, na hakutaka nimfuate.

Nilichojifunza ni kidogo. Jirani yangu Baba Kinoti alianguka kutoka kwenye mti wa makadamia kabla sijasafiri, na mimi nilikuwa namtumia salamu kupitia kwa mke wangu. Juma lile nilibeba chupa ya uji, uliopikwa na mwingine, nikaiweka mlangoni kwake, nikagonga, nikageuka niende.

"Mutwiri," akaniita kutoka dirishani, "unaniwekea chakula nje kwani mimi ni paka?"

"Uingereza wanafanya hivyo."

"Basi rudi Uingereza ama uingie."

Nikaingia. Tulikaa mpaka giza likaanza, na uji mwingi niliunywa mimi.