Hendeli ya Manyatta

Asubuhi moja, miaka michache baada ya uhuru, niliondoka kwetu Tigania bila kujua ninakokwenda. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la sita. Nilipata lifti kwenye lori la viazi, na lilipoharibika karibu na Embu nikaendelea kwa miguu hadi soko dogo la Manyatta, nikifuata mlio wa mashine ya posho iliyokuwa ikisaga mahindi.

Nilisimama mlangoni nikiitazama injini mpaka mwenyewe akaniuliza kama nimetumwa kuinunua. Nikamwambia nataka kujua inavyofanya kazi. Tukapatana papo hapo, mbele ya wanawake waliopanga foleni na madebe yao: nitabeba magunia na kufagia kwa chakula na pa kulala tu, na mavuno yakiisha atanifundisha kuiwasha na kuiendesha.

Mavuno yakaisha. Nilipomkumbusha, akacheka. “Mapatano gani? Kuna karatasi?”

Kesho yake, foleni ikiwa imefika barabarani na injini haijawashwa, niliuliza tena kwa sauti.

“Mzee, ulisema mavuno yakiisha utanifundisha.”

“Kijana, nimekuuliza karatasi iko wapi.”

Mama aliyekuwa wa kwanza akaondoa mkanda wa mzigo kwenye paji la uso. “Karatasi ni sisi. Mimi nilikuwa hapa na debe langu, nikasikia.”

“Mama, hii mashine si ya kuchezewa na Mmeru.”

“Basi tutasagia ng’ambo ya mto. Huko mtu akisema kitu, amesema.”

Waliokuwa nyuma yake wakaanza kuinua madebe. Mzee aliwatazama, akanitazama, akachukua ukutani hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini iwake.

“Kidole gumba usikikunje kwenye hendeli,” akasema kwa hasira. “Ikirudi nyuma itakivunja.”

Nilizungusha, ikakohoa. “Huyo hajakula,” mtu akasema, foleni ikacheka. Mara ya tatu ikashika, na sakafu ikatetemeka chini ya miguu yangu.

“Haya, fundi,” yule mama akasema, akamimina mahindi yake.

Mzee alinuna siku mbili, kisha akanifundisha yote: mkanda, chujio, hata kutambua kwa sikio injini iliyokosa oili. Nilipokwisha kujua, miguu ikaanza kuniwasha, ikitaka njia tena. Nikaenda Meru mjini, nikaingia mtaa wa Majengo, na mwenye mashine mmoja akaniuliza mimi ni nani. Nikajibu kwamba ni fundi wa posho. Jioni hiyo nilikuwa na kazi, na chumba changu mwenyewe nyuma ya bucha, chenye mlango unaofungwa.