Baiskeli Isiyokuwa na Nafasi ya Mtu wa Pili

Baba alikuwa na haja moja tu mwaka ule: kufika Kapolowe na kuonwa na dada yake mkubwa kabla macho ya dada huyo hayajazima. Shangazi ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufa. Habari zilizotufikia Likasi zilisema jicho moja limekwisha kufunga na la pili linafuata. Nilizisikia habari hizo mezani kama kila mtu nyumbani, nikasikitika, nikaendelea kumega bukari, ugali wetu. Haikunijia akilini hata mara moja kwamba zilihusiana na baiskeli.

Baba alikuwa ametimiza miaka ishirini na mitano kazini. Mfanyakazi aliyefikisha miaka hiyo aliruhusiwa kuchagua zawadi moja: cherehani, redio au baiskeli. Mama alitaka cherehani, na alikuwa ameshachagua hata pembe ya nyumba ya kuiweka. Baba akasema baiskeli. Hakueleza. Mama alinuna siku mbili, kisha akaamua kwamba ni kwa ajili yangu, na mimi nikaamua hivyo hivyo, kwa sababu ndiyo kwanza nilikuwa nimepata kazi ya kufundisha shule ya msingi upande wa pili wa mji. Kila asubuhi nilifika darasani na viatu vilivyojaa vumbi jekundu na shati lililoloa mgongoni. Baba mwenyewe hakuweza tena kukanyaga baiskeli; kifua chake kilichoka hata akitembea hadi bombani. Baiskeli ingekuwa ya nani mwingine?

Tulikwenda pamoja kwenye ghala la kampuni yake, asubuhi ya baridi ya mwezi wa sita. Alivaa koti lake la kanisani. Mtunza ghala alikuwa mtu mnene mwenye maneno mengi, aliyetuita "citoyen", yaani mwananchi, sote wawili, kama ilivyotakiwa siku zile, ila mdomoni mwake neno lenyewe lilikuwa karibu na utani.

Zilisimama baiskeli sita ukutani. Tano zilikuwa nyeusi, nzito, za chuma kinene, kila moja na portbagaji yake nyuma, ile fremu ya kubebea mizigo inayoweza kukaliwa na mtu mzima au gunia la unga. Ya sita ilikuwa ya buluu. Ilikuwa ya mashindano, usukani umepinda chini kama pembe za kondoo dume, matairi membamba kama kidole, gia kumi. Mtunza ghala alisema iliachwa na mhandisi mmoja mzungu aliyerudi kwao, naye akaiweka kwenye mstari ili kutimiza idadi.

Niliinyanyua kwa mkono mmoja. Ilipanda juu kama haina uzito wowote.

"Citoyen," mtunza ghala akasema, "ile haibebaka kitu. Hata kuku. Ukiweka kuku, yeye mwenyewe atashuka atembee."

"Haina neno. Sibebi kuku."

"Weye unataka kinga ya kufanya nini?" Kinga ndilo jina letu la baiskeli.

"Ya kwenda kazini. Na ya kutembea mbali, Siku ya Mungu."

"Kutembea mbali kwenda wapi?"

"Popote. Kutembea tu."

Akacheka hadi akashika tumbo. "Muzee, umesikia mutoto yako? Atatoka jasho bure, bila kwenda kwa muntu!"

Baba hakucheka. Alikuwa amesimama kando ya baiskeli nyeusi ya kwanza. Aliweka viganja vyote viwili juu ya portbagaji, akaegemea kwa uzito wake wote, taratibu, akaachia, akaegemea tena. Nilidhani anapima uimara wa vyuma kwa niaba yangu. Nikamwambia, kwa lugha niliyoipenda wakati ule, kwamba baiskeli nyeusi ni ya mzigo na ile ya buluu ni ya barabara, na mtu aliyesoma hawezi kuingia shuleni kila siku kama muuza makaa.

"Acha achague," Baba alimwambia mtunza ghala, ingawa hakuna aliyekuwa akinizuia. "Ni yeye atakanyaga."

Akatia sahihi.

Siwezi kusema uongo: niliipenda baiskeli ile kuliko nilivyowahi kupenda kitu. Niliondoka nyumbani dakika ishirini kabla ya kengele na kufika shati likiwa kavu. Jumapili baada ya ibada nilishika barabara ya lami ya kwenda Lubumbashi, na mji ukaniacha taratibu: moshi, matanuru, nyumba za mwisho, kisha miti tu na vichuguu. Vijana wenzangu tuliokuwa tukisomeana hadithi zetu niliwaambia kwamba baiskeli hiyo ni kama sentensi isiyo na neno la ziada. Walipenda msemo huo. Jumapili mbili tatu nilifika Kapolowe kwenyewe, nikanywa maji, nikageuza. Mara moja tu ndipo nilipopita kwa shangazi. Alinishika uso, akaniuliza, "Baba yako anakuja siku gani? Mwambie bado ninaona kidogo, wakati wa asubuhi."

Nilipeleka ujumbe huo nyumbani. Baba aliitikia kwa kichwa na kutazama pembeni.

Ni mama aliyenifungulia macho, mwezi wa kumi, akiwa anapepeta mchele uani.

"Unafikiri aliacha mashini yangu ya kushona kwa sababu ya viatu vyako?"

"Si alitaka niende kazini vizuri?"

"Alinificha hata mimi, nimejua jana tu. Alitaka umubebe. Ukae mbele, yeye nyuma, mwende polepole, mkisalimia watu njiani. Treni inamushusha mbali, na mguu hawezi. Alikuwa amepanga hata mahali pa kupumuzika."

"Kwa nini hakusema?"

Mama akaacha kupepeta. "Kwetu baba anamuomba mutoto wake amubebe? Ni mutoto anamwambia baba, panda. Ulingojea akuombe?"

Siku iliyofuata niliisukuma baiskeli hadi kwa fundi wa kuchomelea, sokoni Kikula, nikamwambia aitie portbagaji. Aligonga bomba la fremu kwa ukucha, akasikiliza.

"Hii ni mifupa ya ndege," akasema. "Nikiweka moto hapa, utaondoka na vipande. Rudisha kule, bachange, bakupe ingine."

Nilirudi ghalani. Baiskeli nyeusi zote zilikuwa zimekwenda, na mtunza ghala, safari hii bila utani, aliniambia kilichotiwa sahihi hakibadilishwi.

Basi Jumapili nilimwambia baba, "Panda." Sikuwa na kitu kingine cha kumpa isipokuwa bomba la mbele, kati ya tandiko na usukani, mahali ambapo vijana huwapakia wachumba wao. Aliweka kiganja juu ya bomba, akaegemea kidogo. Kisha akavaa koti la kanisani, akakaa kiupande, miguu imening'inia, akashika usukani katikati ya mikono yangu. Alikuwa mwepesi. Kisogo chake kilikuwa chini ya kidevu changu, na nilisikia pumzi yake ikikwaruza ndani.

Wanawake waliokuwa wakienda ibadani walituona mtaa wa pili.

"Eh! Angalieni bibi-arusi iko na mvi!"

"Bwana-arusi, umufunike na kitambaa, jua litamuchoma!"

Baba aliinamisha kichwa. Nilikanyaga kwa nguvu zaidi ili tuwapite, na hapo ndipo nilipokosea mara ya pili, kwa sababu sikuliona shimo. Kulitokea mlio kama wa kuni kavu. Spoki za nyuma zilikatika, ukingo wa gurudumu ukajikunja, tukaegemea kando bila kuanguka. Hatukuwa tumeziacha hata nyumba za mji wetu.

Alikaa juu ya jiwe kando ya lami, mikono magotini, akitafuta pumzi. Nilisema samahani. Nilisema tena.

"Kinga yako haina kosa," akasema alipoweza. "Si ya kazi hii."

Tulirudi kwa miguu. Ilituchukua asubuhi yote, kwa umbali ambao mimi peke yangu niliumaliza kwa dakika chache. Wiki hiyo kifua kilimlaza, na mvua zote alizimaliza kitandani. Baada ya Pasaka binamu mmoja alipata lori lililokwenda misheni ya Kapolowe kuchukua mahindi, wakampandisha mbele kwa dereva. Mimi nilikuwa darasani.

Alifika. Shangazi alitoka nje akiipapasa fremu ya mlango, akamshika mabega, kisha masikio, kisha akampitishia kidole kwenye kovu la utotoni kidevuni. "Ni weye," akasema. Macho yake yalikuwa yanatazama mahali pengine, upande wa mashamba. Haya nilisimuliwa na binamu.

Baba hakurudi Likasi. Alisema hewa ya kule inamfaa. Gurudumu nililitengenezesha, na kila Jumapili niliyoweza nilikwenda kumwona. Siku moja nilimkuta amekaa mkekani karibu na dada yake, akimchambulia maharage. Nilisimamisha baiskeli ukutani. Aliitazama kuanzia tairi la mbele hadi la nyuma.

"Bado inakimbia?"

"Inakimbia, baba."

"Basi usikawie. Kesho iko kazi."

Nilikuwa sijakaa hata nusu saa. Niliaga, shangazi akanipungia mkono upande nisikokuwa. Barabarani upepo ulikuwa nyuma yangu, lami imekauka, mnyororo hautoi sauti hata kidogo. Baiskeli ilikwenda vizuri kuliko siku zote, na nilijitahidi isinipendeze, nikashindwa.