Kahawa Niliyoinywa Manah Kabla ya Wakati Wake

Jamani, mkasa huu nimeuficha miaka, na si kwa kuwa umesahaulika, maana wako watu Manah, huko Oman, mpaka leo wakiniona napita wananyanyua mkono kama walioshika kikombe cha kahawa, wanacheka wenyewe kwa wenyewe, na mie naitikia salamu kama sielewi kitu. Basi leo nausema kwa mdomo wangu mwenyewe, kwani ndio mdomo huu huu ulionitia aibu.

Ilikuwa mwanzo wa miaka ya themanini. Mie mzaliwa wa Unguja, nimekuja Oman masharubu ndiyo kwanza yanaota, nikapata kazi ya serikali ya kukagua visima na mabomba ya maji, kazi iliyonipa gari na safari zisizokwisha, leo Ibra, kesho Sur, kesho kutwa Nizwa. Wenzangu njiani wakitazama milima, mie nikitazama moshi wa mafuta unatoka wapi, maana kila penye mafundi wa Kihindi pana Muhindi mmoja mwenye karai, na kila mwenye karai ana kitu ambacho sijakionja.

Na nilikuwa nikijidai! Mimi nimekua ukuta mmoja na Wahindi, nimekula bajia zao na kachori zao tangu sina meno, nikadhani hapana Muhindi wa kunifunza chakula cha Kihindi. Kumbe niliokuwa nikiwajua ni wa pembe moja tu ya nchi yao. Sur nilimkuta Mgujarati, huyo tulisikilizana, akauza gathia za moto, vijiti vya unga wa dengu, kwenye gazeti na papai bichi lililokunwa pembeni, nikajiona niko nyumbani. Lakini Ibra palikuwa na Malabari, Muhindi wa kusini, mwenye mkahawa karibu na kituo cha petroli, akikaanga ndizi mbivu ndani ya unga (bajia ya ndizi, jamani!), na asubuhi akipika vidonge vya dengu vyenye tundu katikati, akivileta na chatne ya nazi. Ile chatne nilipoitia mdomoni nikaomba nyingine, maana mara ya mwisho kula nazi iliyosagwa vile ilikuwa jikoni kwa mama. Nikamuuliza kachori anazipika lini, akanitazama tu, hajapata hata kulisikia jina.

Al Hamra ndiko nilikogombana. Fundi mmoja wa Rajasthan, siku ya Ijumaa hana kazi ya ujenzi, akikaanga mbele ya kambi yao kitu cha mviringo, ukoko wa unga na dengu ndani, akaniambia ndiyo kachori. Nikamwambia kwa Kihindi changu cha sinema, "Hii si kachori. Kachori ni viazi."

"Ya viazi si kachori, sahib. Ile ni vada."

"Sisi Zanzibar tunaiita kachori."

"Basi Zanzibar wamekosea," akasema, akanipa nyingine bure ili nisikasirike.

Toka siku hiyo nikawa kama mtu mwenye ugonjwa. Kila Muhindi mpya nikimuuliza kwanza anatoka wapi, na kama ni upande ambao sijaula, basi kazi ya serikali ingoje kidogo.

Sasa tuje kwenye haja. Dada yangu akisomesha Nizwa, na mwalimu mwenzake alikuwa Zuwena, binti wa Manah. Nilimwona mara moja kwenye lango la skuli, kabeba madaftari mpaka kidevuni na anacheka na mtu ambaye simwoni, nikampenda, basi, hapana maelezo mengine. Tatizo lilikuwa baba yake, Mzee Nasser, mtu ambaye hajatoka Manah ila kwa safari ya Hija, na kwa wazee kama yeye sisi tuliotoka Unguja tulikuwa na jina moja tu, Zinjibari, maana yake (kwa namna walivyolitamka) watu wazuri hawa, masikini, lakini hawakufundwa. Ami yangu Khalfan, ndugu wa marehemu baba, ndiye aliyenisimamia, na neno hilo lilikuwa likimchoma kuliko mtu yeyote niliyemjua, kwa sababu babu yetu alitoka kwenye mashamba yale yale ya Manah, na yeye Ami aliporudi alijua kila jina la mfereji na bado wakamwita mgeni.

"Tutaposa kwa ada yao hasa," akaniambia. "Wasipate la kusema."

Siku ikafika. Nimevaa kanzu mpya, kilemba, jambia la marehemu baba kiunoni, tumepanda gari ya Ami, na njia nzima ananiusia.

"Sele, tukifika usiseme neno. Nitazame mie tu. Nitakachofanya, fanya. Nisichofanya, usifanye. Umefahamu?"

"Nimefahamu, Ami."

Jambo rahisi, mtoto mdogo angeliweza. Tukasimama Nizwa kusali Alasiri na kuwangojea wazee wawili wa kwetu waliokuwa watusindikize. Mie nikamaliza nyiradi zangu mapema kuliko ilivyofaa, nikatoka nje, na upepo (sitausamehe) ukaniletea harufu. Pembeni ya soko palikuwa na Muhindi ambaye sijapata kumwona, mrefu, mwembamba, anakaanga bajia ndefu kama kidole cha jitu. Nikamuuliza, "Watoka wapi?"

"Andhra."

Andhra! Sijaila Andhra! Nikajiambia nionje moja tu, nijue ilivyo, kisha nifute mikono nikae kwa adabu. Yule bwana akanifanyia ishara ya mkono ya polepole, na mie nikaona ananifunza kula kama mtu asiyejua, nikaipuuza. Nikauma. Kwanza ulikuja ukwaju, ikaja giligilani, kikaja kitu kama binzari nyembamba lakini siyo, nikafurahi, nikaimaliza kwa kuuma mara ya pili mpaka kikonyo, ndipo nikafahamu kwamba pilipili haikutiwa ndani ya bajia, bali ni pilipili yenyewe iliyovikwa unga, nzima, na mbegu zake.

"Nzuri?" akauliza.

"Nzuri," nikasema, na hilo ndilo lililokuwa neno langu la mwisho kwa muda mrefu.

Ami akaniita, wazee wamefika, tunachelewa, kanishika mkono kanitia garini. Na maji? Dumu langu la maji limo kwenye gari ya kazi, nyumbani. Mkaguzi wa maji wa serikali, nafsi yake inaungua, na hana tone! Nikakaa kiti cha nyuma mdomo wazi dirishani mpaka Manah.

Sabla ya Mzee Nasser, yaani sebule ya wanaume, ilikuwa imejaa, wamekaa kwa safu wameegemea kuta, wanasimama wote kutupokea, mkono kwa mkono, habari, habari zaidi, na mie naitikia kwa kichwa. Tukakaa. Ikaletwa halua, nikaishambulia nikidhani itapoza, haikupoza. Kisha akaja Hamed, kaka yake Zuwena, mtu mzima na ndevu zake, na dele la kahawa. Akammiminia Ami, Ami akapokea akakiweka kikombe chini mbele yake. Lakini mie macho yangu yamejaa machozi, naona ukungu mtupu, nikafikiri Ami kesha kunywa. Kwetu Unguja ukipewa kahawa unakunywa, kuiacha ndiyo utovu wa adabu. Nikapewa changu, nikakibugia.

Mnaijua kahawa ya moto juu ya pilipili? Basi nisiwaeleze. Nikanyoosha kikombe na huku naonyesha mdomo, nataka maji, na ulimi umekataa kazi. Hamed akamimina kahawa. Nikanywa, labda hii itakuwa baridi kidogo. Nikanyoosha tena. Akamimina. (Sikujua kwamba kwao mtu akitosheka hukitikisa kikombe, na usipokitikisa hujasema basi.) Nikawa nanyoosha, anamimina, nanyoosha, anamimina, na sabla nzima inatutazama.

Mzee Nasser akasema, "Khalfan, kahawa yako inapoa. Kunywa."

Ami akajiweka sawa, hii ndiyo saa aliyoingoja. "Tuna haja kwako, Mzee Nasser. Hatunywi mpaka utuambie haja yetu imepita."

Ndipo nikafahamu. Nikatazama chini nikaona kikombe cha Ami kimejaa, na vya wale wazee wawili vimejaa, na changu mkononi kimebaki machicha.

"Haja ya nani?" akauliza Mzee Nasser, kwa upole kabisa.

"Ya kijana wangu huyu."

Mzee akanigeukia. "Huyu?"

"Huyu."

"Lakini mwenye haja hanywi, Khalfan. Huyu amekunywa mpaka dele linataka kukauka. Mie naona haja yake ilikuwa kahawa, na tumemtimizia, alhamdulillahi."

Mtu mmoja mwisho wa safu akapaliwa na kicheko, na baada ya hapo haikuwezekana kuzuia, walicheka mpaka wengine wakashika vilemba vyao. Nikasikia na lile neno, Zinjibari, na nikamwona Ami anatazama zulia. Machozi yangu nayo yakaamua kushuka yote wakati huo huo.

"Jamani, analia," akasema mzee mmoja kwa huruma, na kicheko kikakatika. Mzee Nasser akainama kunitazama usoni. "Unalia, mwanangu?"

Nyuso zote zimelainika. Ningenyamaza tu, nusu ya posa ilikuwa imekwisha. Lakini ulimi wangu uliokataa kazi tangu Nizwa ukachagua saa ile kufunguka.

"Pilipili," nikasema.

Kicheko kama kile sijakisikia tena maishani mwangu. Kilivuka ukuta, kikaitikiwa na wanawake upande wa pili, na mmoja wao nilimtambua, kwa kuwa nilimsikia akicheka vile vile kwenye lango la skuli. Mzee Nasser akatusindikiza mpaka mlangoni kwa heshima zote, akasema haja itatazamwa siku nyingine. Kikombe cha Ami kilibaki pale pale kimejaa.

Garini Ami akaendesha, macho njiani. Nilitaka anitukane, ningepoa. Tulipofika nyumbani akazima gari, akakaa mikono kwenye usukani. "Miaka yote nawaambia watu wale kwamba sisi ni wao," akasema, kisha akashuka. Usiku ule sikula, na si kwa ajili ya pilipili.

Zikapita wiki. Dada akaniletea habari kwamba Zuwena hakukasirika, ila ameuliza ile pilipili ilikuwa ya namna gani na inauzwa wapi. (Nikajua kwamba huyu nikimkosa nitakuwa nimekosa mtu.) Nikamwendea Ami, nikambusu mkono, nikamwomba arudi Manah mara moja tu. Akanitazama sana.

"Nitakwenda. Lakini wewe huingii sabla. Utakaa garini."

Ndivyo nilivyoposewa, jamani. Wanaume wameingia ndani, na bwana harusi kakaa kwenye gari nje ya ukuta, vioo chini, joto linamtoa jasho, hajatia kitu kinywani tangu asubuhi ila mswaki. Sikusikia neno hata moja la huko ndani. Kila kimya kilichorefuka nilikiona ndiyo jibu, na kila mtu aliyekohoa nikasema ni Ami anaaga. Nilikuwa sijui kipi kitaniuma zaidi, kumkosa Zuwena au uso wa Ami akitoka mikono mitupu mara ya pili.

Mlango ukafunguka. Ni Hamed, na dele mkono wa kushoto, na kikombe kimoja. Akaja mpaka dirishani bila ya kucheka, akamimina, akanipa.

"Mzee anasema, sasa kunywa."

Nikanywa. Nikakitikisa kikombe kama nilivyofunzwa, nikamrudishia. Nyuma yake, kupitia mlango uliobaki wazi, nilimwona Ami Khalfan amekaa katikati ya safu, kikombe chake mdomoni, anakunywa taratibu kama mtu aliye kwao.

Wahindi wa njia ile nawatembelea mpaka leo, tena na Zuwena, na kwa yule wa Andhra mke wangu humaliza bajia tatu bila ya kupepesa macho. Lakini nimeapa, na kiapo nimekishika: siku nina haja kwa mtu, sili kitu njiani, hata kinukie namna gani.