Bwana Mkubwa wa Ukutani

Shangazi yangu ni mthamini wa vitu vya kale, na mtaani wanamwita Mama Mgongo. Si kwamba mgongo unamsumbua. Ni vile ukimletea picha ya kuchora, hata iwe ya nani, kwanza anaigeuza uso uelekee ukutani, anavuta kiti, anaukodolea macho mgongo wake mpaka chai yake ipoe. Uso baadaye. Anasema uso umeshajipamba kabla hujafika.

Juzi alikuja mzee mmoja, fundi cherehani, na bintiye. Picha wameifunga kwa shuka. Kufungua, bwana mkubwa wa enzi hizo, wa ukoo wa watawala, kola ya lesi imempanda mpaka masikioni, pua juu kama amenusa soksi. Mzee aliachiwa picha hiyo na tajiri wake wa kwanza alipohama, na tangu mkewe afariki anakula akimtazama huyo. Binti akaeleza bila kuficha: ndugu wamekubaliana, ikiwa ya kweli inauzwa, ikiwa nakala baba abaki nayo. Mzee alikuwa anasugua shuka kwa kidole gumba, nami nikaona kabisa anaomba iwe takataka.

Shangazi akaigeuza. Safari hii chai haikupata muda wa kupoa. Akavuta taa, akapapasa ukingo wa turubai, akaitazama mbele, akarudi nyuma tena.

“Mzee wangu,” akasema, “hii ni ya kweli. Ya kale, tena mkono wa bingwa.”

Mzee akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa basi limeshaondoka.

“Sasa niambie, nani kaipiga pindo?”

Ni mzee mwenyewe. Zamani kingo zilikuwa zinachomoka nyuzi, na fundi mzima hawezi kukaa anaangalia kitambaa kinafumuka. Akaitoa kwenye fremu, akakata palipochakaa, akapinda, akapitisha cherehani pande zote. Vipande akawashia jiko.

Shangazi akamweleza taratibu kwamba huko chini kwenye kona ndiko mchoraji alikoweka sahihi, na sahihi imekwenda na mkasi. Picha ni ya kweli, lakini kwa hali hiyo wanunuzi anaowajua hawataigusa.

Binti akashika kiuno. “Baba, umemkata bwana wa watu?”

“Nilimpunguza kidogo tu,” mzee akasema. “Alikuwa anapwaya.”

Binti alijitahidi kununa, midomo ikamsaliti. Akacheka mpaka akakaa. Kisha akaanza kufunga shuka.

“Haya, mbebe mwenzio. Chakula kinapoa.”

Mzee akakataa kusaidiwa. Akatoka na picha kifuani, bwana mkubwa akichungulia juu ya shuka, pua ile ile.

Shangazi akanywa chai ya moto, jambo tusilolizoea nyumbani. Akasema pindo lenyewe limenyooka sana, na gauni lake la kazini atalipeleka kwa yule mzee.