Pilau ya Mtawa wa Mikumi

Mnicheke tu, lakini Mabwerebwere yote hakuna harusi inayonoga bila pilau yangu. Ndiyo maana Mama Noi, Mthailand mwenye nyumba ya wageni Mikumi, aliniita nipike siku yao ya kuadhimisha kuzaliwa kwa Buddha. Mtawa wao alikuwa anatoka mbali.

"Dada, chakula kabla ya saa sita," alisisitiza.

Nikacheka moyoni. Kwetu shughuli ya saa sita watu hula saa nane, na mgeni wa heshima hapewi pilau ya haraka. Nikapalia makaa juu ya mfuniko, nikaiacha iive taratibu.

Saa saba nikaingia na sinia kichwani, kifua mbele. Waumini wote walivaa nyeupe, wakageuka kuniangalia.

"Shikamoo, baba." Nikaliweka sinia mbele ya mtawa.

Akatabasamu, akaunganisha viganja, asiguse kitu.

"Dada," Mama Noi akaninong'oneza, "saa sita ikipita mtawa hali tena mpaka kesho asubuhi. Sisi tuliofunga naye pia hatuli. Tulikusubiri weee, mwisho tukampa ndizi mbili."

Miaka ishirini pilau yangu haijawahi kushindwa na mpishi yeyote. Siku hiyo ilishindwa na ndizi mbili.