Karata Saba za Baba

Juzi sokoni Kashaulili niliwaona watoto wakicheza karata juu ya boksi. Mmoja akaropoka, "Natoka!" kabla zamu yake haijafika, wenzake wakamzomea mpaka akafuta kauli.

Nikakumbuka utoto wangu kijijini Mishamo, mchana ule ulionuka mihogo iliyolowekwa. Tulikuwa mkekani watatu: baba, mama na mimi binti yao. Kwetu, anayetoka ni aliyemaliza karata zake, na ukitamka kabla ya zamu yako, haihesabiki.

Ilikuwa zamu ya mama. Baba akasema polepole, "Mimi natoka."

"Aa, baba! Siyo zamu yako," nikamdaka kwa furaha. "Haihesabiki!"

Mama hakucheka. Baba akalaza karata zake kifudifudi, akachukua baiskeli. Nikasikia mnyororo ukilia mpaka barabarani.

"Mama, si tumsubiri?"

"Cheza tu, mwanangu."

Nikakataa. Nilizilinda zile karata mpaka maharage yakaungua jikoni, nikijua lazima arudi. Zilikuwa saba, na mwenye karata saba hatoki.

Katika maneno yote aliyowahi kutuambia yule mtu, ni lile "natoka" tu alilolitimiza.