Siku Bi Somoe Alipomzika Bosko

Enzi zetu, matokeo ya mpira yalifika Kilwa Masoko kwa masikio kwanza. Lori la timu likirudi kutoka Lindi tulilisikia likiwa bado mbali, kwenye barabara ya Nangurukuru, kabla hata vumbi lake halijapanda juu ya minazi. Wembe, timu yetu, wakishinda, walikuja na ngoma na bati za lori zikipigwa kama madebe, na nyimbo za kuwasema watu wa Lindi ambazo mama zetu walitukataza kuziimba, kisha wenyewe wakaziimba chini chini jikoni. Wakifungwa, ilikuja sauti ya injini peke yake. Jioni ile tulisikia kitu cha tatu, honi ndefu isiyokatika, ikikaribia, ikizidi kukaribia. Tulikuwa tunacheza rede nyuma ya msikiti. Tukatupa mpira wetu wa soksi chini, tukakimbilia barabarani tukirukaruka, maana honi ya namna ile, tulidhani, ingeweza kuwa ya ubingwa tu.

Lori likasimama mbele ya nyumba yetu. Juu ya turubai alikuwa amelala Bosko, kichwa chake kimelazwa mapajani mwa golikipa, na mguu wa kulia umefungwa plasta tangu pajani hadi kifundoni. Dereva alisema baadaye kwamba hakujua afanye nini njia nzima. Kuimba kusingewezekana, na kunyamaza aliona ni kama kurudisha maiti. Basi akaikalia honi.

Wenzangu mliokua miaka ile mtakumbuka kila mji ulikuwa na Bosko wake. Huyu wa kwetu alikuwa Mmwera wa Rondo, kijana mrefu, mpole, Mkristo katika mtaa wa Waislamu, aliyejua nyakati zetu za swala kuliko baadhi yetu. Hakuwa na mbio. Alikuwa na macho. Angesimama katikati ya uwanja kama mtu anayesubiri basi, mguu juu ya mpira, halafu mpira ungeondoka ukamkuta mtu upande wa pili, mahali ambapo hata mtu huyo hakujua kwamba anaelekea. Baba yangu, fundi cherehani na katibu wa Wembe, ndiye aliyemfuata Rondo. Alikaa uani kwa mama yake Bosko, akala ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, akamwahidi yule mama kwamba mwanawe atalala, atakula na atatunzwa kama aliyezaliwa Masoko. Hawakuandikishana. Siku zile mdomo wa mtu mzima ulitosha.

Na kweli alitunzwa. Alilala kwetu, na chakula chake kilizunguka mtaa kwa zamu. Sisi watoto ndio tuliokuwa wabebaji, sahani mikononi, kawa juu yake, tukitembea polepole mchuzi usimwagike. Kwa harufu tu tulijua zamu ya nani. Pweza wa nazi alitoka kwa kinyozi Mshamu. Kisamvu kilichotwangiwa karanga kilitoka kwa mama yangu. Msimu wa korosho ukifika, sahani zote zilikuwa na korosho za kukaanga pembeni, nyeusi kidogo, nasi tuliamini kwamba moja moja ikipungua njiani Mungu haoni.

Lakini hizo zilikuwa enzi za ruksa, na mambo yalikuwa yanageuka. Shirika lililowapa wachezaji wetu kazi ya ghalani lilikuwa limefunga milango yake. Madukani kulijaa sabuni za kunukia na kaseti, gulioni mitumba ililundikwa hadi kiunoni, na kila aliyekuwa na pikipiki alianza kuitwa bosi. Wembe nayo ikapata wake. Bwana Hemedi, mnunuzi wa pweza aliyehamia kutoka Tanga na majokofu yake, aliinunulia timu jezi mpya, zenye kola. Tulikuwa hatujawahi kuona timu yetu imevaa kola. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Alitaka tu thamani ya kitu alichokinunua.

Daktari alikuwa amesema wazi kwamba goti la Bosko, lililovunjika uwanjani kule Lindi, lisipewe kazi yoyote mpaka msimu mzima upite, na liwe linaangaliwa mara kwa mara. Bosko akirudi Rondo, mvua zimekaribia na mama yake ni mjane, atashika jembe apende asipende, na mguu utakauka, atatembea nao kama gogo hadi kufa. Akibaki Masoko, huenda ukapona. Hapo ndipo Bwana Hemedi aliposema amepata kiungo kutoka Dar es Salaam, kijana mzima, yuko tayari kuja. Ila timu haiwezi kulisha viungo wawili. Chumba na zamu za sahani viende kwa huyo mpya, na Bosko apewe nauli, arudi kwao.

Hakuna jambo lililowahi kuugawa mtaa wetu kama hilo, hata kuandama kwa mwezi. Kijiwe kilikuwa barazani kwa Mshamu, na kwa wiki nzima watu walinyolewa upande mmoja wakasahauliwa, kwa kuwa wembe wa kinyozi ulikuwa hewani ukitoa hoja. Mshamu alitaka Bosko aende. "Timu siyo zahanati," alisema, na watu wakaitikia kwa vichwa, maana ilikuwa kweli. Wengine walisema goti likishavunjika ni kama yai, hata lifungwe vipi. Wavuvi wawili waliacha kusalimiana. Mtu mmoja aliapa kwamba Bosko akiondoka atahamia upande wa Lindi, akaulizwa kama Lindi wamemwomba.

Baba alizungumza kidogo. Alikuwa anashona, na mama ndiye aliyetusimulia alichosema. "Nilimchukua kwa mama yake ana miguu miwili. Nimrudishe na mmoja, nile tena ming'oko yake?"

Siku ya mkutano ilikuwa Ijumaa baada ya alasiri. Kijiwe kikahamia ndani ya banda la mikutano la mtaa, watu wazima wakajaa, nasi watoto tukabanana madirishani. Bosko hakuitwa. Alibaki kwetu, mguu juu ya kigoda, na bila shaka alijua. Waliongea sana. Mwisho Bwana Hemedi akaomba mikono inyooshwe, na mikono ya Aende ikawa mingi, ikiongozwa na ya Mshamu. Baba akasimama kutangaza. Nakumbuka alivyovua kofia yake kwanza.

Kabla hajafungua kinywa, kilio kikasikika nje.

Aliingia Bi Somoe. Nyote mnamjua Bi Somoe, hata kama kwenu alikuwa na jina jingine, yule mama anayeuza vitumbua uwanjani na kumtukana mwamuzi kwa sauti inayofika hadi baharini. Alikuwa Mmatumbi wa Kinjumbi. Juu ya kanga alivaa jezi ya zamani ya Bosko, mguu wa kulia ameuviringisha matambara meupe, na kwapani amekita mchi wa kinu. Alichechemea hasa kama Bosko, hata ile namna yake ya kuuma mdomo akikanyaga vibaya. Akatandika jamvi mlangoni, akalikalia.

Kwetu, mtani ndiye mwenye msiba. Wamatumbi na Wamwera ni watani tangu zamani. Mmwera akifa, Mmatumbi huja akavaa nguo za marehemu, akamwigiza alivyotembea na alivyokula, akazuia watu wasitoke na jeneza mpaka apewe haki yake. Anaweza kusema lolote, kumsema yeyote, na anayekasirika ndiye anayeaibika. Hiyo tuliijua sote tangu tukiwa mgongoni mwa mama zetu. Asiyeijua alikuwa Bwana Hemedi peke yake, akawa anaangalia huku na huku akiuliza ni nani amefariki.

"Mtani wangu amekufa," Bi Somoe akamjibu, akipangusa macho makavu. "Mmemwua kwa mikono, nimeona dirishani. Basi hatoki mtu humu mpaka azikwe. Wewe mgeni, toa mbao za jeneza. Huyu Mkristo, hataki sanda kama zetu."

Mshamu akajitia ukali, akasema marehemu gani huyo wakati Bosko muda huu yuko kwa katibu anakula wali.

"Maiti wa Kimwera hula, shemeji. Ukoo mzima ndivyo walivyo. Kaburini utawasikia wakitafuna."

Banda likaangua kicheko. Bi Somoe hakucheka. Akaanza kugawa kazi za mazishi kama inavyofanywa, mmoja baada ya mwingine. Wewe utachimba, una mikono ya kuchimbia, tumeiona ikinyooshwa. Wewe utapeleka habari Rondo, ukamwambie mama mtu kwamba mwanawe tulimla mpaka tukafika kwenye goti, goti lilikuwa gumu, tukalitema. Kicheko kikaanza kupungua. Halafu akafika kwa Mshamu, akamwambia kwamba yeye atasoma wasifu, kwa kuwa mwanawe ndiye mfungaji wa Wembe, na hapana goli hata moja la mwanawe ambalo marehemu hakumwekea mguuni.

"Soma, Mshamu. Watu wanasubiri."

Mshamu akavuta taulo lake begani. Alikuwa ameitazama ile jezi.

Ndipo tukasikia magongo ya kweli nyuma yetu. Bosko alikuwa amefuata vicheko. Alisimama nje ya mlango, jasho linamtoka, akamtazama Bi Somoe aliyevaa jezi yake, akautazama ule mchi, akawatazama wote waliokuwa wameinamisha macho. Mimi nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia pumzi yake. Nilidhani atalia. Lakini Mmwera hawezi kumwachia Mmatumbi neno la mwisho, hata siku ya mazishi yake mwenyewe.

"Shikamoo Bi Somoe."

"Marahaba, marehemu."

"Nimekuja nizikwe. Ila naomba kaburi liwe nyuma ya goli, niwe nawasikia mnavyokosa."

Sijui nani alianza kucheka. Nakumbuka Mshamu amejifunika uso kwa taulo lake la kunyolea, mabega yakimcheza, na hakuna aliyejua kama ni kicheko au ni nini. Alipolishusha alisema taratibu, bila kumtazama mtu, kwamba mikono inyooshwe upya. Ikanyooshwa upya, na safari hii mingi ikawa ya Abaki. Zamani zile mtu hakuona haya kubadili mawazo mbele ya watu.

Ningependa kuwaambia kwamba Bosko alipona, akarudi, akatufungia Lindi. Hapana. Bwana Hemedi alikasirika, asijue kwamba mtani hakasirikiwi, akachukua jezi zake zenye kola. Wembe ikacheza msimu ule kwa mashati ya mitumba ambayo baba aliyapunguza na mama akayatia rangi kwenye sufuria la pilau. Mvua ikinyesha, wachezaji walirudi na ngozi za buluu. Tulifungwa kila mahali, tukashuka daraja, na kwa miaka lori lilikuja na sauti ya injini peke yake. Hakuna aliyesema "ningejua". Au walisema, kijiweni kwa Mshamu, lakini sahani zilienda kama kawaida.

Goti lilipona kwa kutembea, halikupona kwa mpira. Bosko akawa mwalimu wetu wa chandimu, mpira wa mtaani, kwenye ule mchanga nyuma ya msikiti, wavulana na wasichana pamoja, jambo lililowafanya baadhi ya wazee wakohoe. Alitufundisha kuinua kichwa kabla ya kupiga. Usiutazame mpira, alikuwa akisema, mpira haukimbii, mtazame mwenzako. Mpaka leo nikiandika nasikia hivyo, na namshukuru. Nawashukuru pia wale watu wazima wenye mashati ya buluu yanayochuja, ambao kwa kushindwa kwao tulilelewa vizuri.

Vijana wa leo wana bahati zao. Wanazijua timu za Ulaya kwa majina ya mabibi wa wachezaji. Mchezaji akishika goti dakika ya kumi, kabla machela haijaingia uwanjani wameshaandika kwa kidole gumba: auzwe. Mpwa wangu alimwuza mmoja mbele yangu juzi, akaendelea na chipsi zake. Nikamwuliza huyo mtu anakula kwa nani. Akanitazama kama mgonjwa. Simlaumu, hajawahi kumbebea mchezaji sahani, hajui mchezaji ana uzito gani.

Bosko alikaa kwetu hadi mama yake alipozeeka na kuhitaji mtu wa shamba. Asubuhi ya kuondoka, baba alitaka amsindikize hadi stendi na kumbebea begi. Bosko akakataa. Alinywa chai yote, akawapa mkono wote, sisi wadogo akatugusa vichwani. Mama alikuwa ameshajigeuza ukutani.

"Mguu huu mliutunza nyinyi, baba," alisema. "Niacheni niondoke nao mwenyewe, muone unavyotembea."

Akainua begi. Tukamtazama akivuka sebule, kulia na kushoto, mzito kidogo upande mmoja, lakini imara. Akatoka. Kwa adabu zile zile alizokuja nazo akageuka, akauvuta mlango taratibu, na mlango ukafungwa.